Mgao wa maji ya mto: Nafasi ya mtafiti kati ya walio juu na walio chini

MTAFITI wa baada ya uzamifu ni msomi aliyekwisha kuhitimu shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu lakini hajapata kiti cha kudumu cha uhadhiri. Huajiriwa kwa mkataba, aghalabu wa mwaka mmoja hadi mitatu, ashughulikie suala moja mahsusi chini ya profesa au taasisi iliyopata ufadhili.

Miongoni mwa nafasi za aina hiyo ambazo vyuo vikuu hutangaza siku hizi ni zile za usimamizi wa maji kwa misingi ya haki na ushirikishaji wa jamii. Jina ni refu, lakini swali lililomo ni fupi: maji yanapokuwa haba, nani ateke kwanza, nani asubiri, na nani aliyekata shauri hilo?

Nchini Kenya, ni mahali pachache ambapo swali hilo hujitokeza waziwazi kama katika bonde la Mto Ewaso Ng'iro wa Kaskazini. Mto huu usichanganywe na Ewaso Ng'iro wa Kusini, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Natron. Jina lenyewe ni la Kimaa na maana yake ni maji ya rangi ya kahawia, na yeyote aliyeuona mto huo baada ya mvua hawezi kulipinga.

Mto huu hupata maji yake kutoka Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, pamoja na safu ya milima ya Nyandarua. Mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii, Sirimon na Timau huteremka kutoka mlimani, huku Ewaso Narok ukitokea upande wa Nyandarua na kupitia maporomoko ya Nyahururu.

Baada ya kuungana katika nyanda za Laikipia, maji hayo hupita Archer's Post, baina ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, kisha huelekea mashariki kupitia Merti hadi katika kinamasi cha Lorian. Mvua ikinyesha kwa wingi, maji huvuka Lorian na kuelekea Somalia. Kiangazi kikiwa kikali, mto huishia mchangani kabla ya kufika huko.

Jiografia hiyo ndiyo kiini cha mgogoro. Mvua nyingi huanguka mlimani, ilhali Archer's Post hupata chini ya milimita 400 kwa mwaka. Mfugaji wa Merti, basi, hunywesha ngamia wake maji yaliyoanguka katika kaunti nyingine, juu ya ardhi ya watu asiowajua, na yaliyopita mbele ya mabomba na pampu nyingi kabla ya kumfikia.

Isitoshe, historia ya ardhi imeufanya mgao huo kuwa mgumu zaidi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwapa Wamaasai eneo la Laikipia kama hifadhi yao baada ya kuondolewa katika Bonde la Ufa. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena huko, na nafasi yao ikachukuliwa na walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru, baadhi ya mashamba ya walowezi yaligawanywa na kuuziwa wakulima wadogo kutoka nyanda za juu, ambao walifika na desturi ya kulima mahindi na viazi katika ardhi isiyokuwa na mvua ya kutosha.

Kuanzia miaka ya 1990, mashamba makubwa ya maua na mboga za kuuzwa ng'ambo yalianza kuenea kuzunguka Nanyuki na Timau. Hivyo basi, mto ule ule ukawa na wateja wa namna nne: mji unaokua, mkulima mdogo, mwenye shamba la maua na mfugaji. Aidha, kuna wanyamapori, ambao hawana mwakilishi mkutanoni lakini huwaletea wenye hoteli riziki.

Mtiririko wa kiangazi katika Archer's Post umepungua mno ukilinganishwa na ule wa miaka ya 1960, na mara kadhaa mto umekauka kabisa mahali hapo. Mkulima wa juu hulaumu mabadiliko ya hali ya hewa. Mfugaji wa chini humlaumu mkulima wa juu. Kila mmoja ana ukweli kidogo, na ndipo mtafiti huitwa.

Msomi aliyeipa fani hii msingi ni Mmarekani Elinor Ostrom. Tasnifu yake ya uzamifu, iliyokamilika mwaka 1965, ilihusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California, ambako watumiaji walikuwa wakipiga pampu kwa pupa hadi maji ya bahari yakaanza kupenya visimani. Aliona jinsi watumiaji hao walivyokutana, wakapima, wakakubaliana viwango na kuwekeana ulinzi.

Katika kitabu chake Governing the Commons cha mwaka 1990, Ostrom alipinga imani kwamba mali ya pamoja lazima iharibike isipomilikiwa na mtu binafsi au serikali. Alionyesha kwa mifano ya Uhispania, Ufilipino na kwingineko kuwa jamii huweza kujitungia kanuni za mgao na zikadumu kwa karne nyingi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Hata hivyo, Mkenya hakuhitaji kungoja Nobel ili ajue hayo. Wamarakwet wa Bonde la Kerio wamekuwa wakiteremsha maji kutoka kingo za Cherang'any kwa mitaro iliyochimbwa na mababu zao miaka mamia iliyopita. Kila mtaro una ukoo au koo zinazoumiliki, zamu hupangwa kwa saa za mchana na usiku, na anayevunja zamu hutozwa faini na wazee.

Lakini mfano huo huo wa Marakwet una funzo lisilopendeza. Kwa desturi, wanawake hawakushiriki katika kazi za mitaro wala katika vikao vya kugawa maji, ijapokuwa wao ndio waliopalilia mashamba yaliyonyweshwa. Mjane alilazimika kumtegemea mwanamume wa ukoo amwombee zamu. Mfumo unaweza kudumu karne nyingi na bado ukawa haumtendei haki nusu ya jamii. Mtafiti anayetumwa kuchunguza haki ya maji hatakiwi kuishia kusifu kwamba mfumo ni wa kienyeji na unafanya kazi. Yampasa aulize unamfanyia nani kazi.

Kisheria, Kenya ilibadilisha mkondo kupitia Sheria ya Maji ya 2002, iliyochukua nafasi ya Sura ya 372. Kabla ya hapo, maamuzi yote yalikuwa mikononi mwa maafisa wa wizara. Sheria hiyo ilitenganisha usimamizi wa mito na kazi ya kusambaza maji, ikaunda mamlaka ya kusimamia rasilimali za maji, na ikavitambua vyama vya watumiaji wa maji.

Vyama hivyo havikubuniwa Nairobi. Kadhaa vilikuwa vimeanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mito ya Mlima Kenya, pale wakulima na wenye mashamba makubwa walipochoka kuharibiana mabomba na kuburutana polisi. Jinsi maji yalivyoweza kumwaga damu kulidhihirika Januari 2005 katika eneo la Mai Mahiu, mbali na bonde hili, ambapo mzozo baina ya wakulima na wafugaji kuhusu maji ya mto uliozuiliwa juu uligeuka mapigano na watu wakauawa.

Katiba ya 2010 iliongeza uzito. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Mwaka huo huo, mnamo Julai 28, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuyatambua maji kuwa haki ya binadamu. Sheria ya Maji ya 2016 iliyofuata inasema matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote, na inavitaja vyama vya watumiaji kuwa vyombo vya ushirikiano na vya kusuluhisha migogoro.

Karatasini, basi, mfugaji wa Merti ameshinda. Kinachobaki ni mto kumfikia.

Hapa ndipo penye kazi ngumu ya mtafiti, nayo haiishii katika mahojiano. Kanuni za Kenya hutaka kila mto uachiwe akiba isiyoguswa na yeyote, kwa ajili ya mahitaji ya lazima ya binadamu na uhai wa viumbe vya majini. Akiba hiyo haipaswi kuwa chini ya kiwango ambacho mto hukifikia au kukizidi katika siku 95 kati ya kila 100. Mtiririko wa kawaida huhesabiwa kwa kiwango cha siku 80 kati ya 100. Maji yaliyo juu ya hapo huitwa ya mafuriko, na ndiyo anayotarajiwa kuyatumia mwenye shamba la kunyunyizia, ayahifadhi katika bwawa lake ili yamtoshe kwa siku 90.

Mpango huo unasikika wa haki, lakini una tundu. Viwango hivyo vyapaswa kukokotolewa kwa mto ulivyo kiasili, kana kwamba hakuna mtu aliyechota hata ndoo moja. Vikikokotolewa kwa kumbukumbu za miaka ya karibuni pekee, wakati mabomba yamekwisha kuzagaa, mto utaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa, na akiba itawekwa chini. Kwa maneno mengine, maji ambayo mtu wa chini aliyapoteza jana yatahesabiwa leo kuwa hayakuwahi kuwa yake.

Mtafiti anayeijua hesabu hiyo ana wajibu wa kuirudia, mto kwa mto: kukusanya vipimo vya zamani, kuongeza juu yake maji yanayochotwa, na kuonyesha tofauti. Si kazi ya kuvutia kamera. Lakini namba moja iliyosahihishwa katika jedwali la akiba huweza kumfaa mfugaji kuliko makongamano kumi.

Vipimo vyenyewe ni kazi ya jasho. Katika kituo cha mto husimikwa ubao wenye alama za sentimita, na mkazi wa karibu huajiriwa kusoma kimo cha maji asubuhi na jioni. Kimo, hata hivyo, si wingi. Ili kujua ni lita ngapi zinapita kwa sekunde, sharti mtu aingie majini mara nyingi katika misimu tofauti, apime upana, kina na kasi, kisha achore mchoro unaolinganisha kimo na mtiririko. Furiko moja kubwa likihamisha mchanga wa chini, mchoro wote hupotoka, na kazi huanza upya.

Baada ya hapo huja kuhesabu wanaochota. Tafiti za miaka ya 1990 na 2000 katika mito ya Mlima Kenya zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikuwa ikichukuliwa bila kibali, au kupita kiwango cha kibali. Baadhi ya wachotaji walikuwa mashamba makubwa. Wengine walikuwa miradi ya wanavijiji wenyewe, waliochangishana pesa, wakachimba mitaro kwa mikono na kuvuta bomba hadi nyumbani ili mama zao wapumzike kubeba mitungi. Mtafiti mwaminifu hawezi kuliandika kundi la kwanza na kulificha la pili, hata moyo wake ukiwa na la pili.

Wizi wa usiku, hasa, ni mgumu kunasa. Pampu inayochota lita 10 tu kwa sekunde kwa saa 12 za giza huondoka na lita 432,000, yaani mitungi 21,600 ya lita 20. Anayepima mchana hataziona. Ndiyo maana vyama vingi vya watumiaji vimeweka walinzi wa mto kutoka vijijini, wanaojua njia za vichakani na wanaotambua mlio wa pampu ya kila jirani.

Kuhusu mikutano, fani hii huazima kipimo cha Mmarekani Sherry Arnstein, ambaye mwaka 1969 aliufananisha ushiriki wa wananchi na ngazi ya vidato vinane. Vidato vya chini kabisa ni vya kuwahadaa watu, vya kati ni vya kuwapasha habari na kuwasikiliza bila kuwapa nguvu, na vya juu ni vya kuwaachia uamuzi. Mabaraza mengi tunayoyajua, ambapo wananchi hutia sahihi orodha ya mahudhurio, hunywa soda na kurejea makwao, hayapandi zaidi ya kidato cha nne.

Katika vyama vya watumiaji wa maji, tofauti za uwezo huwa hazifichiki. Shamba kubwa humtuma meneja mwenye gari, kompyuta na pengine mtaalamu wake wa vipimo. Mfugaji wa chini hutembea au hulipa nauli ya siku nzima, na akifika hukuta ajenda imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanamke huondoka kabla ya kura kwa sababu ng'ombe wanarudi au mtoto analia. Kumbukumbu za mkutano zitasema kwamba wote walikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Chama huundwa kwa kijito au sehemu ya mto, na walio juu na chini katika chama hicho ni wa kijito hicho tu. Watu wa Likii wanaweza kugawana maji ya Likii kwa haki kamili, wakapeana zamu na kuheshimiana, na bado wasiachie tone la kufika Archer's Post. Haki ndani ya chama si lazima iwe haki katika bonde zima.

Pengo hilo ndilo lililowasukuma watu wa chini kutafuta njia zao. Tangu mwaka 2013, jamii za wafugaji zimekuwa zikifanya msafara wa ngamia kandokando ya mto, wakilala njiani na kuzungumza na vijiji, ili walio juu waione sura ya anayekosa maji. Mpango wa serikali wa kujenga bwawa kubwa katika eneo la Crocodile Jaws, lililokusudiwa kuuhudumia mji wa mapumziko wa Isiolo katika mradi wa LAPSSET, ulipingwa vikali na watu hao hao, waliodai kuwa hawakuulizwa ipasavyo.

Mtafiti anayeingia katika mazingira hayo hawezi kujifanya mpita njia. Kwa sheria, sharti apate leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na tangu mwaka 2019 Sheria ya Kulinda Data humbana asitoe habari za watu binafsi ovyo. Hayo ni ya ofisini. Vijijini kuna sharti lisiloandikwa: watu wamehojiwa mno. Huko Laikipia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Bern, Uswisi, wamefanya kazi tangu miaka ya 1980, na kituo cha CETRAD kilianzishwa Nanyuki mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Kenya na Uswisi. Wapo wazee waliojibu dodoso za vizazi vitatu vya wanafunzi.

Kwa hivyo swali la kwanza analokutana nalo mgeni mwenye daftari ni: wale waliokutangulia, majibu yao yako wapi? Mara nyingi yako katika majarida ya ng'ambo yanayolipiwa. Mtafiti mwenye busara huanza kwa kuyarudisha hayo ya zamani nyumbani, kwa Kiswahili, Kisamburu au Kiborana, kabla hajaomba mapya. Jambo hili halimwongezei alama chuoni, kwa kuwa maendeleo yake hupimwa kwa idadi ya makala alizochapisha.

Muda pia humbana. Mkataba wa miaka miwili waweza kuangukia katika miaka ya neema pekee. Aliyepima baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 alikuta misimu mitano mfululizo ya mvua haba, wakati ambapo Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Aliyefika mwaka 2024 alikuta mafuriko. Wote wawili wangeandika ukweli, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa ameujua mto.

Kinachoweza kuunganisha ripoti zao ni kumbukumbu za yule mkazi anayesoma ubao asubuhi na jioni. Yeye hana mkataba wa uzamifu wala jina lake halichapishwi. Malipo yake ni madogo, na pesa za mradi zikiisha huwa wa kwanza kukatwa. Akiacha kusoma, daftari hubaki na kurasa tupu, na mtiririko wa siku hizo hauwezi kupimwa tena na mtu yeyote, hata awe na shahada gani.